Maswali ya Shambani: Tufaha la Kisiwani Lina Tarehe Yake

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka upande wa Ziwa Victoria, na zote zinazunguka jambo moja: matufaha. Najua sokoni tunasema epo. Na Mswahili wa pwani ukimwambia tofaa atafikiria lile tunda jekundu la umbo la kengele, ambalo hata halina undugu na hili. Humu nitaandika tufaha, tuelewane. Kwa wasomaji wapya: mimi ni mkulima wa Njoro, kaunti ya Nakuru. Nina miti 140 ya matufaha, na ninayoyajibu hapa ni yale niliyoyashika kwa mikono yangu au niliyofundishwa na waliotangulia.

Mama, pokea salamu kutoka kisiwa cha Mfangano. Mimi ni mwalimu mstaafu na katibu wa chama chetu cha akina mama 31. Miaka 5 iliyopita tulipanda miche 60 ya matufaha kwenye mteremko wa juu, mbali na ufuo. Iliyo hai leo ni 38, na inayozaa ni 23. Mwaka juzi tulifanya siku ya mavuno kwa mara ya kwanza. Tuliimba, tukala, kila mtoto akapewa tunda lake. Mwaka jana tukarudia, lakini matunda mengine yalikuwa bado mabichi na mengine yalikuwa yameshaanguka na kuoza. Sasa tunataka liwe tamasha la kila mwaka, hata watu wa Mbita na Homa Bay wavuke waje. Tumegawanyika. Wengine wanataka Agosti shule zikifungwa, wengine Desemba watu wa mjini wakirudi nyumbani, na wengine wanasema tumwachie mgeni wa heshima atupe tarehe yake. Wewe unasemaje? (Katibu, Mfangano)

Mwalimu, shikamoo. Nitaanza na mgeni wa heshima, maana hapo ndipo nilipoumia mwenyewe.

Miaka 8 iliyopita chama chetu huku Njoro, watu 19, tuliandaa siku ya mavuno kama yenu. Tulimwalika mkubwa mmoja, akakubali kuja Jumamosi fulani, na kweli Jumamosi ile matunda yalikuwa yamefika hasa. Wekundu ulikuwa umepanda mashavuni, na harufu uliipata ukiwa bado langoni. Alhamisi tukapigiwa simu: ana safari, tusogeze wiki moja. Tukasogeza. Wiki ile ikaisha, tukaombwa nyingine. Miti yetu mingi ni ya aina ya Anna, na tufaha la Anna halimsubiri mtu. Ukiliacha mtini linaanguka. Ukilichuma ukaliweka chumbani bila friji, wiki mbili haziishi kabla nyama yake haijawa kama kiazi kilichochemshwa kikalala. Kila asubuhi niliingia stoo nikibonyeza moja moja kwa kidole gumba, na kila asubuhi nilitoka nikilia. Kreti 11 tuliziuza sokoni Nakuru kwa bei ya kutupa. Siku mgeni alipofika, alikaa dakika 40. Na mezani, Mwalimu, palikuwa na matufaha tuliyonunua supamaketi, yaliyotoka Afrika Kusini, yenye vile vibandiko vidogo ambavyo tulikesha tukivibandua ili asije akakuta sinia tupu. Mzee mmoja wa chama chetu alikataa kula. Alisema yeye hakuyapanda yale.

Kwa hiyo mgeni aalikwe, na akija apokelewe kwa heshima zote. Lakini barua yake iandikwe baada ya tunda kutoa tarehe. Akiwa na safari, aje mwaka mwingine.

Sasa Agosti au Desemba. Nchi za baridi hazina swali hili. Kuna kisiwa kinaitwa Salt Spring, huko Kanada katika jimbo la British Columbia, ambako matufaha yamepandwa tangu miaka ya 1860, na watu wake wana tamasha la tufaha kila mwaka, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Hawagombanii mwezi, kwa sababu mwezi umeshapangwa na baridi. Baridi ikiingia majani yote yanaanguka, mti unalala, na joto likirudi unaamka na kutoa maua yake kwa pamoja. Huku kwetu mti haulali. Ndiyo sababu mwaka jana mliona tunda bichi na tunda lililooza kwenye mti mmoja. Ua hili lilifunguka mwezi huu, lile mwezi mwingine, kila tawi likifuata saa yake. Wala hamkukosea katika utunzaji. Mti haukuambiwa uanze lini.

Kuuambia ni kazi ya mikono. Wakulima wa Batu, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, hulima matufaha mahali ambapo theluji haijawahi kuanguka, na wanavuna mara mbili kwa mwaka. Wakishavuna huupumzisha mti kama mwezi mmoja, kisha wanapukutisha majani yote kwa mkono, tawi kwa tawi, mpaka mti unabaki uchi. Mti unachukulia kwamba baridi imekuja na kupita. Baada ya wiki 2 hadi 4 vitumba vinafura, na maua yanafunguka karibu siku zile zile mti mzima. Mimi hufanya hivyo hivyo hapa Njoro, na nyinyi mnauhitaji utaratibu huu kuliko mimi, kwa kuwa ziwa lenu liko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na hata kilele cha mlima wenu wa Kwitutu hakifiki 1,700, na mimi niko juu ya 2,000, penye baridi zaidi. Punguzeni maji wiki mbili kabla. Jani msilivute kwa nguvu. Likateni kwa mkasi mkiacha kikonyo chake kwenye tawi, kwa sababu kwapani mwa jani ndipo kilipo kitumba cha mwaka ujao, na mkono wa haraka huking'oa. Mkishamaliza, wekeni samadi na mwagilieni vizuri. Akina mama 31 kwa miti 38, mkianza umande ukikauka mtakuwa mmemaliza kabla ya chakula cha mchana.

Tangu ua kufunguka mpaka Anna kuiva hapa kwetu ni kati ya miezi 3 na 4. Hesabu basi kurudi nyuma. Mkitaka kula Agosti, lazima mpukutishe Machi, maua yafunguke Aprili. Aprili ni masika. Nyuki hawaruki mvuani, chavua inalowa, na ukungu unapenda majani machanga yaliyoloa. Mtapata maua mazuri na matunda machache. Mkipukutisha wiki ya mwisho ya Julai, maua yanakuja katikati au mwishoni mwa Agosti, jua likiwepo. Mvua za vuli zinakuta tunda changa likijaza maji yake, na mwanzoni mwa Desemba mnavuna. Kura yangu ni Desemba, na sitaki kuificha. Waliotaka Agosti waambieni hawakukosa kitu. Watoto wakifunga shule Agosti watakuta miti imechanua, na mti wa tufaha uliochanua, weupe wenye haya kidogo ya waridi, ni jambo la kumpeleka mtoto kuliona.

Desemba ina siku nyingi, kwa hiyo bado kuna siku ya kuchagua. Hapa ninawapa rai ambayo sikuitoa Njoro, niliipata kwenu. Nilipokuja Mfangano nililala Sena, na usiku niliona taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, zimetapakaa majini kama mji. Mwenyeji wangu akaniambia mwezi ukiwa mpevu taa hizo hazipo, kwa kuwa mbalamwezi ikimulika ziwa zima omena hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi inapumzika. Basi, tunda litoe wiki, mwezi utoe siku. Jumamosi iliyo karibu na mbalamwezi wanaume wenu wako nyumbani, na wageni watakaolala wataiona njia ya kushuka mteremko. Kabla hamjatangaza, waulizeni jirani zenu wa Rusinga, maana wana tamasha lao la utamaduni wa Abasuba ambalo nalo huwa Desemba. Boti ni zile zile, na wageni ni wale wale.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo anzeni kupima. Chuma tunda moja kila upande wa shamba, ulipasue katikati. Mbegu nyeupe, bado. Mbegu za kahawia, karibu. Kisha, kwa kuwa wewe ni mwalimu, fanya hili mbele ya watoto: nunua aidini ya kupaka vidonda dukani, uichanganye na maji kidogo, uinyunyize kwenye uso wa tunda ulilokata. Penye wanga patageuka buluu nyeusi, na penye sukari patabaki peupe. Tunda la kula siku ile ile liwe jeupe sehemu kubwa. Wakati wa kuchuma, mtoto asivute. Alishike tunda kiganjani, alinyanyue juu na kulizungusha kidogo. Lililo tayari litaachia lenyewe na kikonyo chake.

Kuhusu wageni wa Mbita na Homa Bay nitasema ukweli, hata kama utawakata hamu wenzako. Miti 23 michanga, tukikadiria matunda 40 kwa mti, ni matunda 920. Wakija watu 300, kila mmoja ana matatu, na hamna la kuuza. Mwaka huu liwe tamasha la kisiwa. Fedha mtaipata kwenye chakula: samaki, ugali wa mtama, nyoyo (mahindi na maharagwe ya kuchemsha), chai. Tufaha liwe la kuonja, likatwe vipande kwenye sinia, na lile zima apewe mtoto kwanza, kama mlivyofanya mwaka juzi. Hilo la watoto msiliache hata mkija kuwa na miti 1,000.

Nimewaza sana kuhusu kile mnachoweza kuchukua kwa wale wa Salt Spring. Kisiwa chao kina aina zaidi ya 300 za matufaha, na kwenye ukumbi mmoja wanayapanga mezani, kila aina na kikaratasi cha jina lake. Kisha mgeni anapewa ramani na kuzunguka mashamba mwenyewe, akionja, akizungumza na mkulima chini ya mti wake. Akina mama huoka pai. Nyinyi hamna aina 300, lakini kila mti wenu una mama aliyeupanda na kuubebea maji mteremkoni. Fungeni kibao kwenye kila mti: namba yake, jina la mama huyo, na siku ulipotoa ua la kwanza. Mgeni apande mteremko akamsikilize pale pale, kwa Kisuba, kwa Dholuo au kwa Kiswahili. Na ile 22 iliyokufa ihesabiwe pia, msiione aibu. Anayetaka kupanda anahitaji kujua ni mchwa, ni mbuzi, au ni kiangazi kilichoiua.

Mimi ni kijana wa boti, Mbita. Mwaka jana nilibeba magunia mawili ya epo kutoka kisiwani. Tulipowasili yalionekana sawa, lakini kesho yake mwenyewe akanipigia kwamba yamekuwa na madoa ya kahawia na hatanilipa. Kosa ni langu?

Kosa si lako, kijana wangu, ni la gunia. Tufaha likigongwa leo doa linajitokeza baadaye, ndiyo maana mlipowasili hamkuona kitu. Mwambie mteja akupe kreti au makarai mapana, nyasi kavu au magazeti chini na katikati, safu mbili au tatu basi. Yachumwe alfajiri, yakae kivulini, mvuke asubuhi kabla ya upepo wa mchana kuamsha mawimbi. Usiyaweke karibu na mtungi wa petroli wala juu ya gunia la omena, kwa sababu ngozi yake hunyonya harufu. Na usiyapange pamoja na ndizi mbivu: ndizi na tufaha yote mawili hutoa hewa ya kuivisha, na zikifungiwa pamoja zinaharakishana. Lenye kidonda litoe kabisa, ulile papo hapo. Siku ya tamasha, abiria wakizidi jaketi za kuokolea ulizonazo, wengine wasubiri safari ya pili hata wakikutukana.

Mama, mimi niko Vihiga. Nina miti 12 ya matufaha, yote Anna, umri miaka 4. Inachanua mpaka majirani wanakuja kupiga picha. Kisha maua yote yanaanguka, napata matunda matatu manne tu. Nimeshatumia pesa nyingi kwa mbolea. Nikisikia watu wa visiwani wanafanya sherehe ya mavuno naumwa moyo.

Acha mbolea kwanza, hilo silo tatizo. Miti yako haina mwenzi. Ua la tufaha kwa kawaida halijitoshelezi, linataka chavua ya aina nyingine inayochanua wakati ule ule, na ukipanda Anna 12 ni kama umepanda mti mmoja mara 12, kwa kuwa zote zimepandikizwa kutoka ukoo mmoja. Anna ilizalishwa Israeli kwa ajili ya nchi za joto, na mwenzake wa kawaida ni Golden Dorsett, lenye ganda la manjano. Pandikiza matawi ya Dorsett juu ya miti yako miwili au mitatu iliyo katikati ya shamba, au nunua miche miwili. Wakati ukisubiri, kuna njia ya haraka ambayo iliniokoa mwaka wangu wa nne: nenda kwa mwenye Dorsett lililochanua, muombe matawi machache yenye maua, yatie kwenye ndoo ya maji na uiweke chini ya miti yako asubuhi ya jua. Nyuki watamaliza kazi. Badilisha matawi yakinyauka.

Na hao nyuki wawepo. Mzinga mmoja pembeni unatosha kwa miti yako. Dawa ya wadudu usiipige kabisa wakati wa maua. Niliwahi kukaribisha mpuliziaji wa dawa bila kumuuliza anapuliza nini, na siku mbili baadaye nilikuta nyuki wamelala chini ya mti kama chembe za mtama. Mwaka ule sikuvuna.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la 6, Mfangano. Siku ya mavuno nilipewa tufaha nikala lote, nikabaki na mbegu 5. Nikizipanda nitapata tufaha tamu kama lile?

Mwanangu, barua yako niliisoma nikamuita mume wangu aje aisikie.

Mbegu zitaota ukizitunza, lakini mti utakaotoka hautazaa tufaha kama lile ulilokula. Ndani ya kila mbegu kuna mama, ambaye ni mti uliokupa tunda, na kuna baba, ambaye ni ule mti mwingine ambao nyuki alileta chavua yake. Mtoto hafanani na mmoja wao tu. Huenda tunda lake likawa chachu, huenda likawa dogo. Huenda pia likawa zuri ambalo hakuna mtu amewahi kulionja. Lile Golden Dorsett nililomtajia ndugu wa Vihiga halikutengenezwa na wataalamu. Liliota lenyewe kutokana na mbegu, huko Bahama, visiwani, kwenye joto, na leo linapandwa nchi nyingi za dunia. Kwa hiyo zipande, ila ujue utasubiri miaka 6 au zaidi kabla ya kuona ua. Mwombe Mwalimu akufundishe kupandikiza, uwe pia na mti mmoja wa hakika.

Mbegu ya tufaha inataka ubaridi kwanza ndipo ikubali kuota. Zioshe, uzikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, uzitie kwenye kopo lenye mfuniko, na uulize nani hapo kijijini ana friji. Wenye friji za kuwekea soda wanakubali ukiomba vizuri. Zikae humo wiki 6 hadi 8, na kila Jumamosi ufungue uone kitambaa hakijakauka. Ukiona kimzizi cheupe kimetokeza, chimba kishimo cha sentimita 2 kwenye kopo la udongo wenye samadi iliyooza, mzizi uangalie chini. Liweke mahali mbuzi na kuku hawafiki. Juu ya kopo andika tarehe na jina la mti uliokupa tunda lile. Kama hujui ni mti gani, muulize mama aliyekupa siku ile, atakumbuka.